Moshi Uliofutwa Kwenye Ramani

Niliingia kazi hii kwa sababu ya moshi, si kwa sababu ya shule. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Koboko, tulipokuwa wakimbizi Uganda, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kuchechemea. Kwa hiyo nyinyi vijana mliobaki ofisini, mlioniomba niandike niliyoyaona kazini, msitegemee maneno makubwa. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyoelewana nayo kwenye kazi, sisi tuliorudi kutoka Uganda na Kenya pamoja na mafundi Waganda. Kiarabu cha Juba nakizungumza kutwa, lakini mkono wangu haujazoea kukiandika. Nikikosea mahali, nisahihisheni. Ila katika jambo la ukuta wa ile kliniki sidhani nimekosea, na hasira niliyo nayo sitaificha.

Nilikuwa nauza chai. Niliporudi Juba niliweka jiko langu la mkaa na viti vyangu vifupi kwenye veranda ya kliniki ya wazazi, upande wa Hai Mauna. Jina la kliniki siliandiki, maana watu ninaowataja bado wanapata riziki pale. Jengo lenyewe ni la miaka ya sabini, lilijengwa baada ya amani ya kwanza, kabla vita havijarudi, na mliokwisha kulipima mnalijua. Ni zege tupu, haikupigwa lipu, alama za mbao zilizoshikilia zege bado zinaonekana kama mistari ya kiganja. Lina paa mbili: slabu ya zege chini, mabati juu yake, na katikati nafasi ya mtu kutambaa, upepo upite ubebe joto la mabati kabla halijashuka. Kuta zake mbili ndefu, ya upande wa mto na ya upande wa barabara, ni za matofali ya matundu kuanzia kiunoni hadi juu. Mafundi wa Uganda huyaita ventileta. Na lilikuwa na upenu mrefu pande zote, mabati yametokeza mbele kama kofia. Nasema lilikuwa nao. Nitafika huko.

Mimi wakati ule sikuona chochote cha ajabu. Niliona kivuli kizuri cha kuuzia chai. Kama mama chai wote wa Juba, nilikuwa naweka chembe za bakhuri kwenye chetezo ili mteja akae kwa raha. Mteja wangu mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye shati la mikono mirefu, msanifu wa majengo aliyesomea Khartoum. Watu walimwita Ustaz Modi. Alikuwa ameanzisha ofisi yetu, chumba kimoja na meza moja, kwa nia ya kuchora na kupima majengo ya zege ya zama zile kabla hayajavunjwa au kuvishwa nguo za watu wengine. Alikunywa chai yake polepole akitazama chetezo kuliko alivyonitazama mimi.

“Mama Poni,” akasema siku moja (Poni ni binti yangu), “mbona moshi wako kila siku unaingia ndani?”

“Labda ndani kuna mtu anaupenda.”

“Na ukishaingia unaenda wapi?”

“Ustaz, mimi nauza chai. Moshi sijaupa kazi.”

Akanyanyuka, akabeba chetezo changu bila ruhusa, akaingia nacho wodini. Nikamfuata kwa sababu chetezo kilikuwa changu. Alikishika karibu na sakafu, akatembea nacho toka ukuta hadi ukuta, na moshi ukaenda mbele yake kama mbwa anayejua njia: unatoka upande wa mto, unapita juu ya vitanda, unapanda, unatokea kwenye matundu ya upande wa barabara. Wale akina mama waliojifungua wakatutazama kama wendawazimu. Hapo ndipo aliponieleza kwamba aliyechora jengo hili hakuchora kuta kwanza. Alianza na hewa, kisha akatafuta kuta za kuiongoza. Sikuelewa sana. Lakini wiki iliyofuata nilikuwa mfanyakazi wake, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba mkaa.

Basi ndivyo tulivyofanya kila jengo. Kwanza moshi, halafu futi, ule utepe wa kupimia. Ustaz Modi alichora mshale mwekundu kila mahali moshi ulipopita, na mahali moshi ulipokwama alichora duara. Kulikuwa na majengo yaliyojaa maduara, nayo alikuwa anayachora hivyo hivyo bila kuyaonea huruma, hata yale aliyochora rafiki yake wa zamani. “Chora kilichopo, usichore unachokipenda,” alikuwa akiniambia. Kama mtu ametoboa ukuta akaweka eisi ya kupoza hewa, unachora eisi. Kama kuna mbuzi kafungwa kwenye nguzo, mbuzi unaweza kumwacha.

Futi ilinifundisha mengine. Nyinyi mnatembea na futi mkononi waziwazi, sijui kama ni ujasiri au ni kutojua. Juba hii mtu akiona futi anaona kiwanja chake kinaondoka. Kule Munuki tulienda kupima jengo lililokuwa ofisi zamani, familia zimejigawia vyumba kwa plaiwudi. Nilipofungua futi tu, mama mmoja mkubwa akatoka na ufagio.

“Mmetumwa na nani? Hapa pana wenyewe.”

“Tunapima jengo tu, mama, si kiwanja.”

“Jengo limekaa juu ya nini, juu ya maji?”

Akashika ule mwisho wa futi wenye sifuri, akaugandamiza kwenye ukuta kwa kidole gumba, akakataa kuuachia. Mimi nilikuwa tayari kukimbia. Ustaz Modi akamwambia, “Vizuri sana, shika hapo hapo, usiachie, tusije tukakosea.” Tukapima. Tukahamia ukuta wa pili, naye huyo, na sifuri yake. Tulipomaliza jengo zima akapangusa mikono, akasema, “Kalas, imekwisha. Sasa na mimi nimepima.” Tangu siku hiyo ilikuwa sheria yetu: sifuri inashikwa na mwenye nyumba. Vipimo vyetu vilikuwa vizuri zaidi pia, kwa sababu hakuna anayegandamiza futi kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Kamera tuliibeba kidogo sana. Mnajua wenyewe kamera, askari akiiona, inavyoweza kuharibu asubuhi ya mtu mjini hapa. Kwa hiyo penseli. Mkono wangu ulikuwa mzito, mistari yangu ilitetemeka, na hata leo nikiona michoro yangu ya mwanzo natamani kuigeuza. Ustaz Modi hakuwahi kunicheka. Alisema mstari unaotetemeka si uongo, uongo ni mstari ulionyooka pasiponyooka.

Alifariki kabla hajaona mji ulivyogeuka, na nadhani Mungu alimwonea huruma. Baada yake karibu kila jengo tulilolichora liligeuzwa. Wanakuja na karatasi za aluminiamu za kung'aa na vioo vya buluu, wanafunika zege iliyosimama tangu kabla ya vita, wanasema ni kisasa. Nikiuliza kisasa ni nini, wananionyesha jenereta. Mimi si mtu wa kupinga vitu vipya. Nyumba yangu ina bati jipya, nalipenda. Lakini hebu nielezeni akili ya mji wenye jua hili na umeme huu kufunga matundu yanayoleta upepo wa bure, halafu kununua dizeli ya kutengeneza upepo. Nimeliuliza hili kwenye mikutano mingi. Nilijibiwa kwa soda.

Sasa kliniki. Nitajaribu kuwa mwenye haki, maana hakuna mtu mmoja mbaya katika habari hii, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Lori la maji lilikuwa haliwezi kufika kwenye tangi kwa sababu ya upenu. Wakaukata. Hapo siwezi kulaumu sana, watu wanataka maji. Upenu ulipokatwa upande wa mto, mvua ya mshazari ikaanza kuingia kwenye matundu na kulowesha vitanda. Sista Kiden, mkunga mkuu, mwanamke aliyekulia Nakuru na asiyejua kunong'ona, akalalamika, na alikuwa na haki kabisa. Wakaja wafadhili. Wakaona ukuta unaoingiza mvua, hawakuona upenu ambao haupo. Wakaleta mpango wa kufunika jengo zima kwa aluminiamu.

Tulipigana. Wengine wenu mlikuwepo. Tulipeleka ramani yetu, tukasema ukuta ule ni kumbukumbu ya mji. Lakini ramani iliyopelekwa haikuwa ile ya Ustaz Modi. Ilikuwa imechorwa upya kwa kompyuta, safi, mistari imenyooka, upenu uliokatwa haumo, na mishale myekundu haikuwemo. Nilimuuliza kijana aliyeichora, na alinijibu kwa adabu sana.

“Mama, moshi si kipimo. Watatucheka.”

Nikaiacha ipelekwe. Nilijiambia yeye amesoma, mimi nilikuwa nauza chai. Na tukashinda. Barua ikaja: ukuta wa matundu utahifadhiwa kama ulivyo kwenye ramani. Tulishangilia. Muda mfupi baadaye nikastaafu, nikaenda Rejaf kulima bamia, nikajihesabu kuwa nimeacha angalau ukuta mmoja umesimama.

Nilirudi kliniki kwa sababu Poni alijifungua. Nilipofika nje, nikatabasamu. Ukuta ulikuwepo, umeoshwa, kila tofali mahali pake, na kibao cha shaba cha wafadhili kimepigiliwa ndani juu ya mlango wa upande wa barabara, unakiona ukishaingia ukageuka. Nikaingia wodini, na joto likanipiga usoni kama mtu aliyefunua chungu. Jenereta ilikuwa imezimwa, dizeli imeisha. Poni alikuwa amelala ubavu, kanga imelowa, anampepea mtoto kwa kifuniko cha sufuria. Mkwe wangu, kwa desturi, alikuwa ameweka chetezo cha bakhuri chini ya kitanda kwa ajili ya mzazi, na moshi wake ulikuwa umesimama. Umesimama hewani, usawa wa kichwa changu, kama mgeni asiyeonyeshwa kiti.

Nikasogea kwenye ukuta nikaweka kiganja kwenye tundu. Kikagusa kioo. Nyuma ya matundu yote, kwa ndani, kuta zote mbili, walikuwa wameweka vioo.

Ukuta umehifadhiwa kama ulivyo kwenye ramani. Hakuna aliyedanganya. Ramani ilionyesha matofali, na matofali yapo. Ni kama umeahidi kumtunzia mtu pua, kisha ukaiziba.

Nilitoa kile chetezo nje mwenyewe kabla mjukuu wangu hajaanza kukohoa. Nje nikamkuta Salongo, fundi Mganda tuliyefanya naye kazi miaka mingi, amekaa juu ya ndoo anakula kasava.

“Salongo, nani ameweka vile vioo?”

“Mimi.” Hakuacha kutafuna. “Kwa nini, iko na shida? Hiyo kioo iko ya nguvu, Mama. Hata ukipiga na jiwe.”

“Wewe umeshika moshi na mimi kwenye jengo hili hili. Wewe.”

“Mama Poni, sikia. Mtu anasema weka kioo, mimi naweka kioo. Nikisema hapana, anaita Salongo mwingine. Salongo ni wengi.” Halafu akatazama chini. “Mimi nilisema upenu. Nilisema, rudisha upenu, mvua itaisha. Wakasema upenu hauko kwenye karatasi. Karatasi ilitoka kwa ofisi yenu.”

Hilo lilinikata.

Sista Kiden alinikuta pale pale. “Wewe ndiyo umekuja kunipigia kelele?” akaniuliza. “Maana mimi nimeshachoka kupigiwa kelele. Niliomba mvua isiingie. Sikuomba nipikiwe wazazi.”

“Umemwambia mudir?” nikauliza, maana mkuu wa kliniki ndiye mwenye neno la mwisho.

“Nimemwandikia. Akasema vioo viko kwenye hesabu ya wafadhili, kikipotea kimoja atajibu yeye. Si uongo, atajibu yeye. Lakini yeye anakuja asubuhi, kumepoa, anasalimia watu mlangoni, anaenda.” Akaniangalia mimi, akaangalia chetezo mkononi mwangu. “Mchana hajawahi kukaa.”

Siwezi kusema ni nani kati yetu aliyepanga. Sista Kiden alimwalika mudir mchana amwombee mjukuu wa Mama Poni, mstaafu wa ofisi ya majengo, na mudir ni mtu wa kanisa, hakatai mtoto. Alikuja na koti na tai. Tukamkalisha kando ya kitanda cha Poni. Mimi nikaweka bakhuri kwenye chetezo, kidogo tu, nikakiweka mlangoni, mbali na mtoto.

Aliomba vizuri, kwa sauti ya chini. Kabla hajafika amina tai ilikuwa imelegezwa. Moshi ulikuja taratibu, ukamfikia, ukakaa naye. Poni, ambaye hakuambiwa lolote, akasema, “Malesh, utuwie radhi, Mudir, humu ndivyo tulivyo.” Yule mzee wa watu akafuta uso kwa leso, akatazama moshi, akatazama ukuta, akatazama vitanda vingine, na kwenye kila kitanda mtu anapepea kitu.

Akasema kwa Kiarabu cha Juba, mimi naandika maana yake: “Kwani ukuta huu haukuwa na matundu?”

“Unayo, Mudir,” nikasema. “Yamehifadhiwa.”

Hakucheka. Aliuliza jambo la maana, na namheshimu kwa hilo: mvua je? Salongo, aliyekuwa amejisimamisha mlangoni kama hayupo, akasema upenu anaweza kuurudisha, ila safari hii juu zaidi kidogo, lori lipite chini yake. Akauliza tena: na vioo vya watu? Nikamwambia havitavunjika. Tutavitoa kimoja kimoja, kila kimoja tukiandike nyuma kilitoka tundu la wapi, tuvipange stoo na matambara katikati. Siku wafadhili wakivitaka, au siku mwingine akitaka kuvirudisha kwa sababu zake, atakuta kila kitu kinajulikana mahali pake. Sikusema hivyo kumfurahisha. Ndivyo nilivyofundishwa. Hata kitu unachokichukia unakirekodi.

Mwisho akasema sawa, vitolewe, upenu kwanza. Ila vile vilivyo juu ya mlango wa barabara, vinavyozunguka kibao cha shaba, visiguswe, kwa sababu vimo kwenye picha ya ufunguzi. Nilifungua mdomo. Sista Kiden akanikanyaga mguu.

Salongo alirudisha upenu. Kisha tukatoa vioo, yeye na kisu cha kukatia pati, ile gundi iliyoshika vioo, mimi na penseli ya kuandikia nyuma. Kazi ya polepole. Kila kioo kilipotoka, ulisikia sauti ndogo ya upepo ukipata njia, na mama mmoja wa kitanda cha mwisho akawa anasema kila mara, “Huyo, huyo amekuja mwingine,” kama anahesabu wageni wa harusi. Hasira yangu haikuisha. Tulikuwa tunatumia siku zetu kuondoa kazi nzuri ya fundi mzuri ili jengo lifanye kile lililokuwa linafanya tangu mwanzo bila kuombwa. Mjini kote kuna majengo yanayofungwa hivyo hivyo, kwa nia njema, na ramani safi zimewekwa mezani. Majengo mengine hayana mudir anayeweza kukalishwa, wala Kiden wa kukanyaga mtu mguu.

Ombi langu kwenu ni moja. Rudisheni moshi. Kama mnaona aibu kuuita kipimo, uiteni jina jingine, lakini uwekeni kwenye ramani ile inayopelekwa, si ile inayobaki kabatini. Huenda nakosea, huenda kuna chombo kipya cha kupima hewa ambacho mimi sikijui. Kama kipo, kitumieni, nitafurahi. Kama hakipo, chembe za bakhuri zinapatikana soko lolote.

Tulipomaliza kutoa vioo nikaichora kliniki upya, kwa mkono, mistari inatetemeka kuliko zamani. Nilianza na mishale. Kuta nilizichora baadaye, pale moshi uliponionyesha kuwa zipo. Mishale yote inavuka wodi na kutoka upande wa barabara, isipokuwa mmoja. Huo unafika chini ya kibao cha shaba, pale vioo vilipobaki, na hapo nimechora duara. Sista Kiden haweki kitanda tena mahali hapo. Ameweka kiti cha wageni wa heshima.